Namna ya Kusoma Tathmini za Bunduki katika Majarida ya Kimarekani

Nchini Marekani, pasi ya umeme ikigundulika kuwa na hitilafu inayoweza kuunguza nyumba, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ina uwezo wa kumlazimisha mtengenezaji aiondoe sokoni. Bunduki ikigundulika kuwa na hitilafu inayoifanya ilie bila kifyatulio kuguswa, tume hiyo haina mamlaka nayo, kwa kuwa sheria iliyoiunda mwaka 1972 iliziacha silaha za moto nje ya mipaka yake. Viwango vya utengenezaji huwekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji wenyewe kilichoanzishwa mwaka 1926, na kuvifuata ni hiari. Ndiyo maana mtu anayeishi Texas, Ohio au Minnesota, wakiwamo ndugu zetu wazungumzao Kiswahili waliohamia huko, anapotaka kununua silaha kihalali kwa ajili ya uwindaji, michezo ya shabaha au ulinzi wa nyumba yake, hutegemea sana maneno ya waandishi wa majarida. Kwa sababu hiyo ni muhimu kujua jinsi ya kuyasoma maneno hayo, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Nianze kwa kusema ninachokiamini. Waandishi wengi wa tathmini hizi ni watu wanaoijua bunduki vizuri, na mara nyingi wanachoandika ndicho walichokiona kweli. Kasoro kubwa imo katika yale yasiyoandikwa: silaha ilitoka wapi, ilipigwa risasi ngapi, kitu gani hakikujaribiwa, na nani angekasirika endapo matokeo yangekuwa mabaya. Msomaji akijifunza kuyauliza hayo manne, ataweza kupata manufaa hata katika jarida linalopendelea waziwazi, na ataepuka kudanganyika na jarida linaloonekana adilifu.

Anza na fedha. Kabla ya kusoma makala yenyewe, fungua jarida lote na utazame kurasa za matangazo ya biashara. Ukikuta bastola inayosifiwa katika ukurasa wa kati inatangazwa pia katika jalada la nyuma, bado hujathibitisha kwamba sifa zile zimenunuliwa, lakini sasa unajua kwamba mhariri anayo sababu ya kutotaka kumuudhi mtengenezaji huyo. Nguvu ya sababu hiyo imewahi kuonekana hadharani. Mwezi Februari mwaka 2007, Jim Zumbo, mwandishi wa uwindaji aliyekuwa na jina kubwa katika jarida la Outdoor Life, aliandika kwamba bunduki za aina ya AR-15, zinazofanana na zile za kijeshi, hazina nafasi katika uwindaji na akaziita silaha za magaidi. Katika muda wa siku chache kampuni ya Remington, mtengenezaji wa bunduki, ilikuwa imevunja uhusiano naye, safu yake katika jarida imekoma, na kipindi chake cha televisheni kimepoteza wadhamini. Mwaka 2013 yakampata Dick Metcalf wa Guns & Ammo, mwandishi mkongwe wa jarida lililoanzishwa mwaka 1958. Katika toleo la Desemba aliandika kwamba si kila masharti yanayowekwa juu ya umiliki wa silaha ni uvunjaji wa haki ya kikatiba. Wasomaji walikuja juu, Metcalf akaondolewa, na mhariri wake, Jim Bequette, akaomba radhi na kuachia nafasi yake. Baadaye Metcalf alilieleza gazeti la New York Times kwamba watengenezaji wakubwa wawili walikuwa wameiarifu kampuni iliyomiliki jarida kuwa hawatafanya nayo biashara tena iwapo yeye atabaki.

Ni lazima tuwe waangalifu na mifano hii. Wote wawili waliondolewa kwa sababu ya maoni kuhusu siasa na matumizi ya silaha, na wala hakuna kati yao aliyekuwa ameandika tathmini mbaya ya bastola fulani. Tena, hasira za wasomaji zilichangia sawasawa na fedha za viwanda. Hata hivyo mwandishi kijana aliyeyashuhudia hayo anajua nani ana uwezo wa kumfungia mlango, na akikaa kuandika juu ya bastola iliyokwama mara nne, ujuzi huo anakuwa nao mezani. Aghalabu hatadanganya. Atachagua tu maneno laini, au ataomba bastola nyingine.

Yapo majarida yanayojaribu kujitenga na mtego huu. Gun Tests, kwa mfano, halipokei matangazo ya watengenezaji wa silaha wala risasi, hununua bunduki linazozipima, huweka silaha mbili au zaidi za aina moja katika makala moja, na kuzipa alama za herufi kama za shuleni, zikiwamo alama za kufeli. American Rifleman, ambalo ni jarida la NRA, chama kikubwa cha kutetea haki za wamiliki wa bunduki, huchapisha matangazo mengi na lina msimamo wa kisiasa usiofichika, lakini kwa miaka mingi limefuata utaratibu thabiti wa kupima usahihi ambao nitaueleza hapa chini, na utaratibu huo ni wa haki kuliko ule wa majarida mengi. Kwa maneno mengine, usilipime jarida kwa siasa zake peke yake. Lipime kwa namna linavyofanya kazi.

Swali la pili ni silaha iliyopimwa ilitoka wapi. Kwa kawaida mtengenezaji humpelekea mwandishi silaha ya kujaribia kupitia muuzaji mwenye leseni, na mwandishi akimaliza huirudisha au huinunua, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Mtengenezaji makini hatapeleka silaha bila kuikagua kwanza. Mbaya zaidi ni pale silaha yenyewe inapokuwa ya majaribio, iliyotengenezwa kabla mitambo ya kiwanda haijaanza kuzalisha kwa wingi.

Kisa cha bastola ya Remington R51 kinafaa kusomwa na kila anayetaka kulielewa jambo hili. Bastola hiyo ilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2014, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya silaha yanayofanyika kila Januari jijini Las Vegas. Waandishi walikuwa wameshapewa nafasi ya kuipiga kabla haijafika madukani, na maandishi yao yaliisifu kwa wepesi wa teke lake, ulaini wa umbo na usahihi. Bastola zilipowafikia wanunuzi, malalamiko yalimiminika: zilikwama, vipande havikukaa sawa, na nyingine hazikufunga vizuri. Kufikia Julai mwaka huohuo kampuni ilikuwa imesimamisha uzalishaji na kutangaza kwamba waliozinunua wangeweza kuzirudisha na kupewa mpya. Maelezo yake yenyewe yalikuwa kwamba wataalamu wengi walioijaribu waliikuta haina kasoro, na kwamba matatizo yalitokana na kuhama kutoka kwenye bastola za mfano kwenda kwenye uzalishaji wa wingi. Toleo lililorekebishwa lilirudi sokoni mwaka 2016. Hapa hakuna haja ya kumtuhumu mwandishi yeyote kwa uongo, kwa kuwa kila mmoja angeweza kuwa ameandika kweli tupu kuhusu bastola aliyoishika, na mnunuzi akaumia vilevile, kwa sababu bastola aliyouziwa haikuwa ileile.

Kutokana na kisa hicho, tafuta katika makala sentensi inayoeleza chanzo cha silaha. Ikisemwa kwamba ilinunuliwa dukani bila muuzaji kujua itakwenda kupimwa, ipe makala uzito mkubwa. Ikisemwa kwamba ilitoka kiwandani, ipe uzito wa wastani. Ikisemwa kwamba ilipigwa katika hafla ya waandishi iliyoandaliwa na kampuni, katika uwanja uliochaguliwa na kampuni na kwa risasi zilizotolewa na kampuni, ichukue kama tangazo la kuzaliwa kwa bidhaa. Na ikiwa haikusemwa chochote, chukulia kwamba ilitoka kiwandani. Zaidi ya hayo, tazama tarehe. Majarida ya karatasi huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwezi ulioandikwa kwenye jalada, kwa hiyo tathmini inayotoka siku bidhaa inapoingia sokoni haiwezi kuwa imeandikwa juu ya bidhaa iliyokuwa sokoni.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo msomaji mvumilivu anaponufaika zaidi. Tathmini nyingi za bastola husema kwamba zilipigwa risasi 200 au 300 bila kukwama. Kauli hiyo husikika kama ushahidi mzito. Wanatakwimu wanayo kanuni nyepesi kwa hali kama hii: ukifanya jaribio mara kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 200 bila kukwama zinakubaliana na bastola inayoweza kukwama mara moja katika kila risasi 67 hivi. Ukitaka kusema kwa uhakika huo kwamba bastola haikwami zaidi ya mara moja katika 100, unahitaji risasi 300 zisizo na dosari. Ukitaka mara moja katika 1,000, unahitaji 3,000. Na hata hapo umethibitisha habari za bastola ile moja, kwa risasi za aina ile, ikiwa katika hali ile ya usafi.

Linganisha na sheria ya jimbo la California, ambayo tangu mwaka 2001 inataka bastola zinazouzwa huko zipite katika maabara. Bastola tatu za muundo mmoja hupigwa risasi 600 kila moja. Hazitakiwi kukwama katika risasi 20 za kwanza, wala kukwama zaidi ya mara sita kwa jumla. Kiwango hicho si kikali, na wapo wanaoilaumu sheria hiyo kwa sababu nyingine nyingi ambazo si za makala hii, lakini bado kinapita kwa mbali kile ambacho makala ya kawaida ya jarida hukifanya. Unaposoma kwamba mwandishi alipiga kasha chache za risasi katika alasiri moja, soma kwa makini jinsi anavyoueleza mwonekano, mshiko na vifaa vya kulengea, kisha uichukulie habari ya kutegemeka kwake kuwa bado haijulikani.

Usahihi wa shabaha una mtego wake. Bunduki za uwindaji husifiwa kwa kipimo cha dakika moja ya pembe, ambacho katika yadi 100, yaani takriban meta 91, ni kama sentimita 2.7 kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Kipimo hicho cha umbali kati ya matundu hukua kadiri idadi ya risasi inavyoongezeka, hata kama bunduki, mpigaji na upepo havijabadilika, kwa sababu kila risasi ya ziada ni nafasi nyingine ya kuangukia pembeni. Bunduki ambayo kwa wastani hutoa kundi la matundu lenye upana wa sentimita 2.4 kwa risasi tatu itatoa takriban sentimita 3.1 kwa risasi tano na 3.8 kwa risasi kumi. Zingatia maana yake: bunduki ileile inafuzu kipimo cha dakika moja ikipigwa risasi tatu, na inakikosa ikipigwa tano. Mtengenezaji anayetoa dhamana ya usahihi kwa makundi ya risasi tatu amelifahamu jambo hili, na jarida linalochapisha picha ya kundi moja dogo la risasi tatu, bila kutaja mengine yaliyopigwa siku hiyo, limekuchagulia tone tamu kutoka mtungi usioonyeshwa.

Utaratibu wa American Rifleman niliougusia ni kupiga makundi matano mfululizo yenye risasi tano kila moja kwa kila aina ya risasi, kisha kuandika dogo zaidi, kubwa zaidi na wastani. Hizo ni risasi 25 kwa kila aina, bila nafasi ya kuficha kundi baya. Tafuta jedwali la namna hiyo. Ukikuta jarida limeandika kundi bora peke yake, nambari hiyo ipuuze kabisa. Haikuambii bunduki inafanya nini kwa kawaida. Ukikuta wastani umeandikwa lakini idadi ya risasi haikutajwa, chukulia ni tatu. Angalia pia kama bunduki iliegemezwa juu ya mfuko wa mchanga au kwenye kifaa cha kuishikilia, na kama darubini iliyotumika inauzwa pamoja na bunduki au iliazimwa, kwani darubini ya bei kubwa huweza kuipa bunduki ya bei nafuu heshima isiyokuwa yake.

Yapo mambo ambayo hakuna kiasi cha kupiga shabaha kitakachoyafichua. Bastola ya SIG Sauer P320 iliingia sokoni mwaka 2014 na kupokewa vizuri na majarida; Januari 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likauchagua muundo uliotokana nayo kwa mkataba wa hadi dola milioni 580. Agosti mwaka huohuo, muuzaji mmoja wa mtandaoni alionyesha kwa video kwamba baadhi ya bastola hizo, zikianguka kwa pembe fulani na kugonga sehemu ya nyuma, zinaweza kulia zenyewe. SIG Sauer ikaanzisha mpango wa hiari wa kuzifanyia marekebisho bila malipo, ukihusisha kifyatulio chepesi zaidi na sehemu nyingine za ndani. Kwa miaka mitatu bastola hiyo ilikuwa imepigwa, imepimwa uzito, imesifiwa na kulinganishwa na nyingine, lakini kuipiga shabaha ni jambo moja na kuiangusha ni jambo jingine. Kwa hiyo, unaposoma tathmini, andika pembeni mambo ambayo hayakujaribiwa: kuanguka, vumbi, matope, baridi kali, risasi za chapa mbalimbali, mpigaji wa mkono wa kushoto, mtu mwenye mikono midogo. Usijaribu mwenyewe kuiangusha silaha ili ujue. Kazi hiyo ina maabara yake.

Lugha nayo ina dalili zake, ingawa kwa hili sitakaa sana. Sifa ya kwamba silaha ni nzuri kwa bei yake humaanisha mara nyingi kwamba ipo kasoro ambayo mwandishi ameona si heshima kuitaja. Ikiandikwa kwamba ilikwama mara chache ikiwa bado mpya, uliza mara ngapi katika risasi ngapi. Sentensi zilizofanana na maneno ya tovuti ya kampuni zimetoka huko. Na makala inayotumia nusu ya kurasa zake kusimulia historia ya kiwanda na safari ya mwandishi ya kuwinda paa mwekundu imebakiwa na nafasi ndogo ya vipimo.

Usiache kuyasoma majarida kwa sababu ya haya yote. Uzito wa silaha, urefu wa mtutu, nguvu inayohitajika kubonyeza kifyatulio, mwendo wa risasi uliopimwa kwa chombo, namna ya kuifungua na kuisafisha: hayo huandikwa kwa uaminifu, na ni vigumu kuyapata mahali pengine kwa mpangilio mzuri. Uzito wa kifyatulio uliopimwa na mwandishi, ukiwa tofauti na ule ulioandikwa na kiwanda, ni habari yenye thamani. Soma tathmini tatu za silaha ileile kutoka kwa wachapishaji watatu tofauti, maana majina mengi ya majarida humilikiwa na kampuni moja, kisha tazama wapi vipimo vinakubaliana. Panapotajwa kero ileile na waandishi wawili wasiotegemeana, hata kwa maneno ya upole, iamini.

Watayarishaji wa video wamechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na baadhi yao hupiga maelfu ya risasi mbele ya kamera, jambo ambalo majarida yalilifanya kwa nadra. Lakini nao hupewa silaha, risasi na safari. Miongozo ya Tume ya Biashara ya Marekani inamtaka mtu anayesifu bidhaa aeleze waziwazi uhusiano wake na muuzaji. Sikiliza kama tamko hilo linatolewa mwanzoni au limefichwa katika maandishi madogo chini ya video.

Mwisho, fuatilia silaha baada ya tathmini kusahaulika, kwa kuwa kasoro kubwa huchukua muda kujitokeza. Bunduki ya Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, ilikuwa miongoni mwa bunduki za uwindaji zilizosifiwa zaidi katika majarida ya Marekani, huku kesi mahakamani zikidai kwamba ililia bila kifyatulio kubonyezwa. Kampuni ilikana siku zote kwamba muundo wake una kasoro. Umma mpana ulizipata habari hizo mwaka 2010 kupitia kituo cha televisheni cha CNBC. Mwaka 2014 kampuni iliziita bunduki zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 zirudi kiwandani, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha kifyatulio kipya ingeweza kusababisha mlio usiokusudiwa, na mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ikaidhinisha suluhu ya kesi ya pamoja iliyohusu mamilioni ya bunduki za zamani na mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hasa kwa silaha iliyotumika, chukua namba yake ya utambulisho na uitafute katika ukurasa wa mtengenezaji unaoorodhesha silaha zilizoitwa kurekebishwa. Ikiwa bidhaa ni mpya kabisa, subiri mwaka mmoja. Viwanja vingi vya shabaha huko Marekani hukodisha bastola. Kodi ileile unayoitaka, na umwombe msimamizi akueleze ni zipi huvunjika na zipi hurudi kwa fundi, kwa kuwa bastola ya kukodisha hupigwa risasi nyingi kuliko ambazo mwandishi yeyote atazipiga. Ukishainunua, piga risasi 300 za aina utakayoitumia, chini ya usimamizi wa mkufunzi, ukiandika kila kukwama na namba ya risasi iliyokwama, kabla hujaikabidhi kazi ya kulinda nyumba yako.